Nywila ya Mtuhumiwa na Haki ya Kutojitia Hatiani

Tuchukue mfano wa kubuni. Wakala wa miamala ya simu katika Soko la Majengo, jijini Dodoma, anakamatwa kwa tuhuma kwamba laini zilizosajiliwa kibandani kwake zimetumika kutapeli watu kwa ule ujumbe wa "ile pesa tuma kwenye namba hii". Simu iliyokuwa mezani inachukuliwa, hati ya vitu vilivyokamatwa inajazwa, na shahidi huru anatia saini. Wakiwa kituoni mpelelezi anampa onyo linalotakiwa na sheria, kisha anaisogeza simu mbele yake na kumwambia, "Kijana, weka namba ya siri." Naye anajibu, "Samahani afande, naomba nisiiweke." Hadi hapo hakuna aliyevunja sheria. Ugumu unaanza kwa kinachofuata, kwa sababu kila mmoja wao anaweza kufungua kitabu cha sheria za Tanzania na kuonyesha kifungu kinachomuunga mkono.

Mjadala wa jambo hili huharibika mapema kwa sababu maswali matatu tofauti huchanganywa na kujibiwa kama swali moja. La kwanza ni nani mwenye mamlaka ya kuichukua simu. La pili ni nani mwenye mamlaka ya kutazama kilichomo. La tatu ni kama mwenye simu anaweza kulazimishwa kusaidia kuifungua. Maswali mawili ya mwanzo yanahusu faragha, na msingi wake ni Ibara ya 16 ya Katiba, inayompa kila mtu hifadhi ya nafsi yake, maisha yake binafsi, maskani yake na mawasiliano yake. Swali la tatu lina mzizi mwingine kabisa, yaani kanuni kwamba dola inayomtuhumu mtu ndiyo yenye wajibu wa kuthibitisha tuhuma zake, na haipaswi kumgeuza mtuhumiwa kuwa shahidi dhidi ya nafsi yake. Kwa hiyo hati halali ya upekuzi inaweza kumaliza maswali mawili ya mwanzo na kuliacha la tatu bila jibu. Askari mwenye hati ya kupekua ana haki ya kutafuta, lakini haki hiyo haimfanyi aliyepekuliwa awe msaidizi wake katika kutafuta.

Zamani tofauti hii haikuwa na uzito mkubwa, kwa kuwa kabati lililofungwa lilivunjwa na daftari lililokuwa ndani likasomwa. Mambo yalibadilika pale usimbaji fiche ulipokuwa sehemu ya kawaida ya simu, kuanzia mwaka 2014 kwa simu za iPhone na katika miaka iliyofuata kwa simu nyingi za Android. Taarifa zilizomo hugeuzwa kuwa herufi zisizo na maana, na ufunguo wa kuzirudisha hutengenezwa kwa kuunganisha namba ya siri ya mwenye simu na siri nyingine iliyozikwa ndani ya kifaa chenyewe. Anayejaribu kubahatisha hucheleweshwa zaidi kila anapokosea, na simu nyingine zinaweza kupangwa zifute kila kitu baada ya majaribio kumi. Vyombo vya upelelezi vina zana za kitaalamu zinazofanikiwa kwa baadhi ya simu na kushindwa kwa nyingine. Pale zinaposhindwa, njia pekee inayobaki hupita katika kichwa cha mtuhumiwa.

Katiba ya Jamhuri ya Muungano ya mwaka 1977, hata baada ya haki za msingi kuingizwa mwaka 1984, haina ibara inayosema kwa maneno ya wazi kwamba mtu hatalazimishwa kujitia hatiani. Jirani zetu wa Kenya wanayo: Ibara ya 50 ya Katiba yao ya mwaka 2010 inamruhusu mshtakiwa kukataa kutoa ushahidi utakaomtia hatiani. Sisi tunayo Ibara ya 13(6), inayokataza mtu aliyeshtakiwa kutendewa kama mwenye kosa kabla hatia yake haijathibitishwa, na inayokataza mateso. Tunao pia Mkataba wa Kimataifa wa Haki za Kiraia na Kisiasa, ambao Tanzania ilijiunga nao mwaka 1976 na ambao Ibara yake ya 14 inasema mshtakiwa asilazimishwe kutoa ushahidi dhidi yake mwenyewe wala kukiri kosa. Wanaosema kwamba haki hii haipo nchini kwa sababu neno lake halionekani katika Katiba wanasoma kwa haraka mno, kwa kuwa haki yenyewe imewekwa katika sheria ya kawaida inayotumika vituoni kila siku.

Sheria hiyo ni ile ya Mwenendo wa Makosa ya Jinai ya mwaka 1985. Kifungu chake kilichojulikana kwa miaka mingi kama cha 53 kinamzuia askari kumuuliza maswali mtu aliye chini ya ulinzi, au kumtaka afanye jambo lolote linalohusiana na upelelezi, kabla hajamtajia jina na cheo chake, hajamweleza kosa analotuhumiwa nalo, na hajampa onyo kwamba halazimiki kujibu swali lolote isipokuwa la jina na anwani yake. Mtuhumiwa aambiwe pia kwamba anaweza kuwasiliana na wakili, ndugu au rafiki. Yote haya yafanyike kwa lugha anayoimudu vyema, sharti ambalo katika mkoa huu lina maana halisi: mzee wa Kisandawe aliyeletwa kutoka Chemba, au mama wa Kigogo kutoka vijiji vya Bahi ambaye Kiswahili chake ni cha sokoni tu, anastahili kulielewa onyo hilo kabla hajaombwa chochote.

Ninayasisitiza yale maneno kuhusu kutakiwa kufanya jambo lolote kwa sababu mara nyingi hurukwa. Waliotunga kifungu hicho hawakuishia kwenye maswali na majibu ya mdomo. Kuweka namba ya siri katika simu ni kufanya jambo kwa ajili ya upelelezi, na kwa hiyo hata ombi lake halipaswi kutangulia onyo. Ni kweli kwamba onyo lenyewe linataja kutojibu maswali tu, na mwendesha mashtaka makini atasema kwamba kubonyeza tarakimu si kujibu swali. Hoja hiyo hainishawishi. Mpelelezi akiuliza, "Namba yako ya siri ni ipi?", mtuhumiwa halazimiki kutamka. Akibadilisha kauli na kusema, "Basi iandike," anatafuta siri ileile kwa njia ya vidole, na ulinzi ambao ungetoweka kwa kubadilisha kitenzi usingekuwa ulinzi wa kweli. Zaidi ya hapo, kifungu kinampa askari nafasi ya kuomba baada ya onyo, na hakuna ndani yake neno linalogeuza ombi hilo kuwa amri.

Upande wa pili umesimama juu ya Sheria ya Makosa ya Mtandao, ambayo Bunge liliipitisha hapa Dodoma Aprili 2015 na ikaanza kutumika Septemba mwaka huohuo. Kifungu cha 31 kinampa mkuu wa kituo cha polisi, au ofisa wa ngazi inayolingana naye, mamlaka ya kutoa amri ya kupekua na kuchukua vifaa vya kompyuta. Kifungu cha 32 kinamruhusu kuamuru mtu yeyote aliye na data inayohitajika katika upelelezi aitoe, na data iliyohifadhiwa katika kifaa itolewe katika hali inayosomeka. Anayekataa kutii amri iliyotolewa chini ya sheria hii anakabiliwa na kifungu cha 22, ambacho adhabu yake ni faini isiyopungua shilingi milioni 3 au kifungo kisichopungua mwaka 1, au vyote viwili.

Hapo ndipo wakala wetu anapobanwa. Vifungu hivyo havitamki kwamba mtuhumiwa atoe nywila yake, yaani namba yake ya siri, lakini sharti la data kusomeka linaweza kutafsiriwa hivyo, kwa kuwa data iliyosimbwa haisomeki bila nywila. Akinyamaza kwa kutegemea onyo alilopewa chini ya sheria ya mwaka 1985, anaweza kuambiwa kwamba ametenda kosa jipya chini ya sheria ya mwaka 2015. Kwa maoni yangu njia sahihi ya kuzisoma sheria hizi pamoja ni kukumbuka kwamba kifungu cha 32 kiliandikwa kwa ajili ya "mtu yeyote", maneno yanayowatosha watoa huduma, benki, waajiri na wengine wanaoshikilia taarifa zinazohusu watu wengine, ilhali kifungu cha onyo kiliandikwa mahususi kwa ajili ya mtu aliye chini ya ulinzi akituhumiwa kwa kosa. Maneno ya jumla hayapaswi kufuta ulinzi mahususi ambao Bunge halikusema kwamba linaufuta.

Inafaa kuitazama kwa makini tofauti ya kutoa taarifa za wengine na kutoa siri yako mwenyewe, kwa sababu kesi iliyofanya kifungu cha 32 kijulikane nchini ni ya aina ya kwanza. Waanzilishi wa JamiiForums, jukwaa la mijadala mtandaoni, walifikishwa katika Mahakama ya Kisutu, Dar es Salaam, Desemba 2016, wakidaiwa kuzuia upelelezi kwa kutotoa taarifa za watumiaji wa mtandao wao. Hilo lilikuwa suala zito la uhuru wa maoni na faragha ya wateja, lakini halikuwa suala la mtuhumiwa kulazimishwa kujifichua. Wanaoichukua kesi hiyo kama jibu la swali la nywila wanatoa hitimisho ambalo kesi yenyewe haikulibeba.

Kiini cha jambo ni kile ambacho tendo la kufungua simu linasema. Turudi kibandani Majengo. Tuseme kibanda kina vijana watatu wanaopokezana zamu, na simu imekutwa mezani, si mfukoni mwa yeyote. Jamhuri, yaani upande wa mashtaka, inapaswa kuthibitisha kwamba simu ni ya mtuhumiwa huyu na si ya wenzake. Siku akiweka namba ya siri na simu ikafunguka, amethibitisha kwa kidole chake kwamba anaijua namba hiyo, kwamba kifaa kiko chini ya udhibiti wake, na kwamba jumbe zilizomo huenda ni zake. Hajasema neno, lakini ameziba pengo ambalo upelelezi ulipaswa kuliziba kwa ushahidi mwingine. Ikiwa simu ilikutwa mkononi mwake akizungumza nayo mbele ya mashahidi watano, tendo hilohilo haliongezi jambo kubwa. Uzito wa kufungua simu hautokani na simu yenyewe. Unatokana na kile ambacho polisi walikuwa hawakijui kabla ya kufunguliwa.

Mahakama za Marekani zimepita kwa muda mrefu katika njia hii. Katiba yao, katika marekebisho ya mwaka 1791, inakataza mtu kulazimishwa kuwa shahidi dhidi yake mwenyewe katika kesi ya jinai. Mwaka 1976, katika shauri la Fisher, Mahakama ya Juu ilikubali kwamba tendo la kuwasilisha nyaraka linaweza lenyewe kuwa ushahidi, isipokuwa pale ambapo serikali tayari inajua kwamba nyaraka zipo na ziko mikononi mwa nani. Mwaka 1988 Jaji Stevens wa mahakama hiyohiyo, akitofautiana na wenzake, alisema mtu anaweza kulazimishwa kukabidhi ufunguo wa kasha, lakini si kufichua tarakimu za kufungulia sefu ya ukutani, kwa sababu tarakimu ziko akilini mwake. Mfano huo umewagawa majaji hadi leo. Mahakama za juu za Pennsylvania mwaka 2019 na Indiana mwaka 2020 zilikataa kumlazimisha mshtakiwa kutoa nywila au kufungua simu. Zile za Massachusetts mwaka 2019 na New Jersey mwaka 2020 ziliruhusu. Huko Philadelphia, mtu mmoja aliyewahi kuwa polisi alikaa mahabusu zaidi ya miaka 4, kuanzia 2015 hadi 2020, kwa kudharau amri ya kufungua diski zake, mpaka mahakama ya rufani ilipoamua kwamba sheria ilimruhusu jaji kumzuia kwa muda usiozidi miezi 18.

Uingereza ilichagua njia nyingine. Sheria yake ya mwaka 2000 kuhusu mamlaka ya upelelezi, ambayo sehemu yake inayohusu usimbaji ilianza kutumika Oktoba 2007, inaruhusu notisi ya kumtaka mtu atoe ufunguo wa data iliyosimbwa, na anayekataa anaweza kufungwa hadi miaka 2, au 5 katika mashauri ya usalama wa taifa na ya udhalilishaji wa watoto. Mwaka 2008 Mahakama ya Rufani ya huko ilisema ufunguo ni kitu kilichopo bila kutegemea utashi wa mtuhumiwa, kama ilivyo sampuli ya damu, ingawa ilikiri kwamba kule kuujua ufunguo kunaweza kumtia mtu hatiani. Ufaransa nayo ina kosa la namna hiyo, na Novemba 2022 mahakama yake ya juu ilithibitisha kwamba namba ya kufungulia simu inaweza kuhesabiwa kuwa ufunguo wa usimbaji. Kinachonivutia katika mfano wa Uingereza ni kwamba notisi hiyo kwa kawaida huhitaji ruhusa ya jaji, na lazima ionekane kuwa ya lazima na yenye uwiano na kosa linalopelelezwa. Hata nchi iliyokubali kulazimisha haikumwachia ofisa mpelelezi uamuzi huo peke yake.

Kwetu India ina umuhimu zaidi kuliko nchi hizo zote, kwa kuwa Sheria ya Ushahidi ya India ya mwaka 1872 ndiyo iliyotumika Tanganyika hadi ilipotungwa sheria yetu ya mwaka 1967, ambayo ilirithi vifungu vyake vingi. Mwaka 1961, katika shauri la Kathi Kalu Oghad, Mahakama ya Juu ya India ilisema kwamba kutoa alama za vidole au sampuli ya mwandiko si kuwa shahidi dhidi ya nafsi yako, kwa kuwa vitu hivyo havifikishi maarifa yaliyo kichwani. Mwaka 2022 mahakama maalumu mjini Delhi ilikataa kumlazimisha mshtakiwa kutoa nywila, ikieleza kwamba nywila ni maarifa binafsi, ingawa mwaka mmoja kabla Mahakama Kuu ya Karnataka ilikuwa na mtazamo tofauti.

Mpaka huo kati ya mwili na maarifa unaleta swali la dole gumba. Sheria yetu inamruhusu polisi kuchukua alama za vidole, picha na sampuli ya mwandiko wa mshtakiwa kwa ajili ya utambuzi, na wengi wetu tumekwisha kuacha alama hizo NIDA, kwenye mamlaka ya vitambulisho vya taifa, na kwenye usajili wa laini. Je, ina maana askari anaweza kukishika kidole cha mtuhumiwa na kukigusisha kwenye simu? Nadhani hapana. Sheria inaruhusu kuchukua alama ili kumtambua mtu, na kufungua hifadhi ya mawasiliano yake ni kazi nyingine ambayo kifungu hicho hakiitaji. Marekani penyewe mahakama za rufani zimetofautiana: ile ya kanda ya tisa mwaka 2024 haikuona kosa katika kidole kilichotumiwa kufungua simu, lakini ile ya Washington mwaka 2025 ilisema kufungua kwa kidole kunathibitisha udhibiti wa mtu juu ya simu, na hivyo ni ushahidi kama maneno. Kiutendaji tofauti yenyewe ni ya muda mfupi, kwani simu nyingi zikizimwa na kuwashwa upya hazikubali kidole wala uso mpaka namba ya siri iwekwe kwanza.

Sheria ya Ushahidi ina kifungu kimoja ambacho mawakili wa utetezi hawapaswi kukipuuza. Kifungu kilichojulikana kama cha 27 kinakubali ungamo lililotolewa kwa askari polisi pale tu lilipotolewa kwa hiari, na Jamhuri ndiyo inayobeba mzigo wa kuthibitisha hiari hiyo. Lakini cha 31 kinasema taarifa iliyotolewa na mtuhumiwa aliye mikononi mwa polisi, hata isipokuwa ungamo, ina nafasi mahakamani kwa kiasi kile inachohusiana moja kwa moja na jambo lililogunduliwa kutokana nayo. Kifungu hicho kimezoeleka katika kesi za mtu anayewapeleka polisi mahali alipozika panga au alipoficha mali ya wizi. Namba ya siri inafanana sana na taarifa ya namna hiyo: mtuhumiwa anaitaja, simu inafunguka, jumbe zinapatikana, na Jamhuri inadai zipokelewe. Kwa hiyo mtu anayedhani kwamba ataitaja leo na kuikana kesho kwa kusema alitishwa anaweza kukuta namba imetupwa lakini jumbe zimebaki kuwa vielelezo.

Dhidi ya hatari hiyo kuna kifungu kilichojulikana kama cha 169 cha Sheria ya Mwenendo wa Makosa ya Jinai. Pingamizi likitolewa kwamba ushahidi umepatikana kinyume cha sheria, mahakama isiupokee, isipokuwa iridhike kwamba kuupokea kutanufaisha umma kwa namna mahususi na kwa kiasi kikubwa bila kuathiri isivyostahili haki na uhuru wa mtu. Hakimu ana hiari pana hapo. Ndiyo maana kumbukumbu za kituoni zina thamani kubwa: onyo lilitolewa saa ngapi na kwa lugha gani, simu ilifunguliwa kabla au baada ya onyo, nani aliyeweka namba, na kama kulikuwa na amri ya maandishi au ombi la mdomo. Katika mashauri mengi hakuna amri yoyote. Mtu aliombwa akafungua, akiamini hana chaguo, na baadaye tendo lake linaelezwa kuwa hiari.

Ukimya wa kituoni usichanganywe na ule wa kizimbani. Mshtakiwa akishaonekana ana kesi ya kujibu na akachagua kutojitetea, sheria yetu inairuhusu mahakama kuuchukulia ukimya huo vibaya dhidi yake. Kituoni onyo humwambia mtu kwamba halazimiki kujibu, na si haki kumwadhibu kwa kuliamini.

Ninatambua uzito wa hoja ya upande wa upelelezi. Wanaotapeliwa ni watu halisi, wakiwemo wakulima wa zabibu na alizeti wanaopoteza fedha za msimu mzima kwa simu moja, na wapelelezi wanaohangaika na simu zisizofunguka hawatafuti udhalimu. Hata hivyo, katika kesi kama ya wakala wetu kumbukumbu za miamala ziko kwa kampuni za simu, majina ya waliosajili laini yako huko, na wapokeaji wa fedha wanaweza kufuatiliwa kwa amri halali bila mtuhumiwa kufungua kinywa. Ikiwa bado kuna hitaji la kumlazimisha, kipimo kipo tayari. Mwaka 1993, katika shauri la Kukutia Ole Pumbun, Mahakama ya Rufani ya Tanzania ilisema sheria inayobana haki ya msingi isiwe ya kiholela, iwe na kinga za kutosha dhidi ya matumizi mabaya ya mamlaka, na isibane zaidi ya inavyohitajika. Amri ya kutoa nywila inayosainiwa na mkuu wa kituo kilekile kinachompeleleza mtuhumiwa, bila hakimu kuitazama na bila mtuhumiwa kusikilizwa, sioni itakavyovuka kipimo hicho. Kwa uchache Bunge lirekebishe kifungu cha 32, ili pale anayeamriwa ni mtuhumiwa mwenyewe amri itoke kwa hakimu, baada ya Jamhuri kuonyesha inachokijua tayari kuhusu simu hiyo na kwa nini njia nyingine zimeshindwa, na ili kule kuijua namba kusitumike kama uthibitisho kwamba simu ni yake.

Mpaka hilo lifanyike, wakala wa Majengo aliyepewa amri ya maandishi anahitaji wakili kabla ya kuamua, kwa sababu kukataa kunaweza kumletea shtaka la pili na kukubali kunaweza kuikamilisha kesi ya kwanza. Wakili atakayefika kituoni aanze kwa kuomba kuiona amri yenyewe: nani ameisaini, imetaja kifungu gani, na inadai data ipi.